Funguo Kiunoni mwa Mama Duka

Katika nyumba ya Mama Duka hata chumvi ilikaa jela. Sukari ilikuwa na kabati lake, samli kabati lake, unga wa dengu ulikuwa kwenye debe lenye kufuli dogo kama la sanduku la mtoto wa shule. Na sabuni ya kufulia, ambayo hakuna aliyeitumia ila mimi, ilifungiwa pia. Funguo zote alizibeba kiunoni, kumi na nne kwenye pete moja ya fedha, zimechomekwa pale sari inapokunjwa. Akitembea zinalia, akikaa zinanyamaza. Nilikuwa nikiinamia karai najua yuko wapi bila kuinua kichwa: sasa yuko stoo, sasa yuko jikoni, sasa amesimama nyuma yangu anaangalia kama namwaga maji ovyo.

Nilimfulia miaka kumi na saba, na si kazi ya mchezo. Sari moja ni kitambaa kirefu, unaweza kukizungushia nyumba. Ukiikamua kwa nguvu inachanika, ukiianika vibaya jua linakula rangi. Hakuna hata moja iliyoharibikia mikononi mwangu, na anayebisha aje anitazame machoni abishe.

Mji mzima wa Nyeri ulimwita Mama Duka, ingawa dukani hakukaa. Dukani alikaa mume wake, mtu mpole mwenye miwani, akiuza blanketi, taa, misumari na unga wa magunia. Yeye alikaa nyuma, kwenye ua wa kuta nne, na ndani ya huo ua kulikuwa na mfereji mmoja, jiwe langu la kufulia, choo, tangi la maji, na mmea mdogo kama mrihani kwenye kopo. Mmea ulikuwa wa mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba. Ba alivaa nyeupe kwa sababu alikuwa mjane. Hakusikia vizuri na hakucheka vizuri. Desturi aliyoiweka Ba ilikuwa hii: mke wa nyumba ile hatoki barabarani ila kwenda hekaluni au harusini, na mume akiwa mbele. Basi. Mama Duka aliletwa kwa meli kutoka kwao India akiwa bibi arusi, akapanda treni, akashushwa, akaingizwa kwenye lango la ua, na lango likafungwa.

Watu walisema ana maringo. Hakuwa na maringo. Alikuwa hajui njia ya kwenda sokoni.

Kiswahili chake alikiokota kwa watumishi, changu nilikiokota kwa maaskari na kwa wenye maduka. Vyote viwili vilikuwa vya kuokota, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Hakuwa mtu wa salamu. Asubuhi aliniuliza, "Iko nguvu?" na mimi nilijibu, "Iko." Mtu mvivu alimwita gunia. Mume wake akichelewa chakula alikuwa gunia, na serikali ikichelewesha barua serikali pia ilikuwa gunia. Siku moja nilikuja na homa, nikaketi kidogo kando ya mfereji, na mimi nikawa gunia. Halafu akaniletea maziwa ya moto yenye manjano, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza, akachukua kikombe akaenda kukifungia.

Ndivyo alivyokuwa, na mimi sikuwahi kumaliza kumwelewa. Aliogopa kuku. Kuku hai akiingia uani alipanda juu ya jiwe langu, funguo zinalia kama mwizi amekamatwa. Lakini askari wa manispaa alipokuja kugomba kwamba maji yetu yanapita chini ya lango mpaka barabarani, alimfukuza kwa ufagio mpaka kofia yake ikabaki uani. Sukari ya chai yangu aliipima kwa kijiko, na kijiko akakikwangua kwa kidole. Lakini nilipomzaa mtoto wangu wa tatu alinitumia debe zima la samli, akamwambia Ba limemwagwa na panya. Nilimwambia, "Mama, panya gani huyo wa kumwaga debe?" Akasema, "Panya wa kwenu. Amezaa msichana."

Kila asubuhi, kabla ukungu haujapanda, aligeuza karai, akapanda juu. Kati ya tangi la maji na paa la duka kulikuwa na nafasi ya upana wa mlango, na katika nafasi hiyo ndipo Kirinyaga, mlima wetu, ulipoonekana. Ncha tu. Mwamba na kipande cha theluji. Alitazama kama mtu anayesoma barua, kisha akashuka akanitangazia. "Leo iko." Au, "Leo imefungwa."

Aliniuliza kama nimewahi kufika huko juu.

"Nifike kutafuta nini?" nikamwambia. "Baba yangu alikuwa anaugeukia akiomba. Huendi nyumbani kwa Mungu kama hujaitwa."

"Mimi iko mgeni," akasema. "Mgeni anaweza kwenda bila kuitwa."

Hayo yalikuwa maneno tu mpaka mwaka ule Wahindi walipoanza kuulizwa makaratasi. Uhuru ulikuwa umekuja, kila mwenye duka alitakiwa aseme yeye ni wa wapi. Jirani wa kushoto alifunga sanduku akaenda Uingereza. Jirani wa kulia akafuata. Mume wa Mama Duka alikaa na fomu mezani kila jioni, akiivua miwani na kuivaa. Mama Duka alikuja pale jiweni, akashika upande mmoja wa sari niukamue, akasema, "Mama Wangari, watu wanasema labda tutaondoka Kenya."

"Nimesikia."

"Mtu ataondokaje mahali hajafika?" Akaonyesha ua kwa kidevu. "Mimi nimekaa Kenya miaka kumi na moja. Huko mbele wakiniuliza Kenya iko namna gani, nitasema iko na mfereji moja."

Sikucheka. Nilikamua.

Wiki ile ile akanijia tena. "Bwana anaenda Nairobi kesho, kwa sababu ya karatasi. Duka itafungwa."

"Najua. Nimepiga pasi suruali yake."

"Dereva ya duka anapeleka unga Naro Moru, chini ya mlima."

"Hiyo pia najua."

"Sisi tunaenda."

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Unataka nikuandikie barua?"

"Na Ba?"

"Kesho ni siku yake ya kutokula. Anaomba chumbani mpaka saa sita, hasikii hata lori. Saa sita sisi tumerudi."

Watoto wake wawili walikuwa shule ya bweni. Kwa hivyo asubuhi ile, mume alipokwisha panda basi, nyumba ilikuwa na Ba peke yake, mlango wa chumba cha maombi umerudishwa. Tulitoka polepole kwa lango la uani, Mama Duka na kikapu cha chakula. Pikapu ya duka ilikuwa inangoja inanguruma. Dereva alikuwa mzee mfupi wa Tetu aliyewahi kumwendeshea mzungu, na hakumwacha mtu asahau.

"Mama Wangari," akaniambia, "nikifutwa kazi utanilisha wewe?"

"Nitakufulia. Kula utajua mwenyewe."

Tukapita Kiganjo. Mama Duka alishusha kioo, akashusha na ushungi, upepo ukamvuruga nywele akauacha. Kila kitu alikiuliza.

"Hiyo nini?"

"Ngano."

"Na hiyo?"

"Kondoo, Mama."

"Kondoo najua. Hiyo nyuma ya kondoo."

Nikatazama. "Hiyo ni hakuna kitu. Ni uwanda tu."

"Hakuna kitu," akasema. Akatazama muda mrefu. "Kubwa sana."

Tulishusha magunia ya unga Naro Moru, na dereva akawa anageuza gari. Mama Duka akamshika bega. Akamwambia hajapanda gari kuja kuona magunia, magunia anayo nyumbani. Dereva akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dirisha. Tukashika njia ya msituni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku ule. Wenyeji wa huko wanaujua udongo ule mweusi: hauzuii gari, unalinywa. Tulipofika kwenye mianzi gari likaenda kombo kama mlevi, magurudumu ya nyuma yakazama, likatulia. Dereva akashuka, akakata mianzi, akaanza kuitandika chini ya gurudumu. Ghafla akaacha panga palepale akarudi ndani, na kwa mtu wa umri wake alirudi upesi. Alionyesha tu kwa kidole.

Nyati saba. Walitoka kwenye mianzi bila sauti, weusi, wamepakwa matope. Mmoja, dume zee lenye pembe kama kofia, akaja mbele ya gari akalala njiani, akaanza kucheua huku anatutazama. Ilikuwa kama saa nne.

Saa tano walikuwepo. Saa sita walikuwepo.

Nitasema kweli yangu. Mimi nilifungiwa. Wakati wa Hali ya Hatari, mzungu alipopigana na watu wa msituni, tulikusanywa kijijini, handaki limezunguka pande zote, ndani yake vijiti vilivyochongwa, na ukitoka saa ambayo si yako unapigwa risasi. Nilikuwa msichana. Tulipofunguliwa niliapa kwamba hakuna mlango utakaofungwa tena mimi nikiwa ndani. Hata kwangu mlango ulifungwa kwa kamba tu. Sasa niko katikati ya dereva na Mama Duka, vioo vimepandishwa, pumzi zetu zimejaa kwenye kioo, na mnyama amelala njiani kama askari wa zamu. Kifua kikaanza kupanda na kushuka. Jasho likanitoka. Nikajirusha juu ya magoti ya Mama Duka nikashika kitasa cha mlango.

"Mama Wangari, ukifungua huo mlango watatuzoa kwa kijiko," dereva akasema.

Mama Duka alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu, sikujua. "Kaa," akaniambia. "Mimi nitakufundisha."

"Unifundishe nini?"

"Kukaa ndani. Hiyo kazi mimi iko fundi." Akanigeuza kichwa kwa mkono kama mtoto. "Usiangalie mlango. Angalia kitu moja. Ile jani. Angalia mpaka umemaliza yote. Halafu angalia ingine."

Nikaangalia jani la mwanzi. Lilikuwa na tone la maji kwenye ncha. Nikaliangalia mpaka likaanguka. Nikaangalia lingine. Kifua kikashuka. Hapo ndipo nilipojua miaka kumi na moja ile alikuwa anafanya nini juu ya karai.

Akafungua kikapu, akatoa chapati za yale majani machungu wanayoyaita methi na achari ya ndimu. Dereva akala, macho yakamtoka machozi. "Mama," akasema, "hii achari tungempa yule mzee wa barabarani angehamia Meru." Mama Duka akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona meno ya nyuma. Akapangusa kioo kwa pindo la sari na kusema dirisha hili ni kubwa kuliko lake la nyumbani, na yeye hana haraka.

Na hapo wingu likafunguka. Halikuondoka kidogo kidogo, lilipasuka. Mlima wote ulikuwa pale juu ya mianzi, karibu, mpaka niliinamisha kichwa. Si ile ncha ya nyumbani. Miamba myeusi kama imevunjwa leo, theluji imeshika kwenye mifereji, na mwanga. Mzee wa Tetu alivua kofia. Mimi maneno ya baba yangu yalinijia mdomoni, sikuyazuia. Mama Duka alikaa mikono imelala mapajani, kama mtu aliyefika nyumba ya watu akakaribishwa kiti.

Sijui ulikuwa muda gani. Najua mkono wake ulivyoshuka kiunoni kwa mazoea kupapasa funguo, na najua uso wake ulivyobadilika. Ukawa wa majivu.

"Kufuli," akasema.

"Kufuli gani?"

"Lango. Nimefunga."

Sikuelewa mara moja. Mwanamke yule hajawahi kuacha mlango nyuma yake bila kuufunga. Kabati, stoo, jiko, akitoka anafunga, mkono hauulizi kichwa. Asubuhi ile alifunga jikoni, akafunga stoo, tulipotoka akavuta lango, akatia kufuli kubwa la shaba upande wa nje, akabonyeza. Mimi mwenyewe nilisikia likilia nikaona ni sawa. Mlango wa duka ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mume, Nairobi. Ba alikuwa ndani, hajala tangu jana, na maziwa ya kufungulia saumu yalikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa hapa, chini ya mlima, na nyati.

Basi yule fundi wa kukaa ndani akasahau ufundi wote. Alitaka kushuka atembee kwa miguu mpaka Nyeri. Dereva alimshika sari upande mmoja, mimi upande mwingine. Aliteremsha kioo akazitikisa funguo nje, akimpigia dume kelele kwa lugha yao. Watu hupenda nisimulie kwamba funguo ziliwafukuza nyati. Uongo. Dume lilimtazama likaendelea kucheua. Nyati waliondoka walipotaka, kama saa tisa, mmoja nyuma ya mwingine, hata hawakugeuka. Trekta la wapasua mbao lilipita kushuka, likatuvuta. Njia nzima ya kurudi wingu lilikuwa limefunga, na Mama Duka hakuuliza kitu kimoja.

Jua lilikuwa linaingia tulipofika. Alishindwa kutia ufunguo kwenye kufuli, nikamtilia mimi.

Ba alikuwa ameketi juu ya jiwe langu la kufulia, mgongo umenyooka. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Maji ya mfereji hakuyagusa, kwa kuwa saumu yake hufunguliwa kwa maziwa yaliyoombewa. Angeita, mpita njia angeleta ngazi. Hakuita. Mwanamke wa nyumba ile hapigi kelele isikike barabarani. Desturi ni yake, na aliishika mwenyewe. Mama Duka alikimbia akafungua kabati, akachemsha maziwa, akamnywesha kwa mikono miwili. Ba alipomaliza kunywa akanyoosha kiganja. Mama Duka akazichomoa funguo kiunoni akaziweka pale.

Kisha Ba akasema maneno machache kwa lugha yao, kwa sauti ndogo, na Mama Duka akakaa chini kwenye saruji yenye maji. Kesho yake nilimwuliza kama alitukanwa.

"Ingekuwa afadhali," akasema. "Aliuliza kama mlima ni kubwa."

Ba alikuwa amekaa Nyeri miaka thelathini. Hakuwahi kufika hata Kiganjo.

Mume aliporudi alitaka kunifukuza. Ba alikataa, akasema hakuna mwingine anayejua kufua nyeupe. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa na yule mama, nami nimeiweka. Makaratasi yalitoka, wakabaki. Miaka mitatu Mama Duka aliomba sukari kijiko kwa kijiko kama mimi. Alimwambia Ba mara nyingi kwamba gari lipo, dereva yupo, waende wote wawili. Lakini miguu ya Ba ilikuwa imeanza kuvimba, na alijibu kwamba ameshazoea. Alipokufa, funguo zikarudi kiunoni. Nilidhani sasa nyumba itafunguliwa. Wapi. Akaongeza makufuli mawili.

Nilimgombeza, maana sijui kunyamaza. "Aliyekukataza amekufa. Bwana hana neno. Unangoja nini?"

"Nikifika lango naona amekaa pale jiweni," akasema. "Wewe unafulia juu yake kila siku, humwoni?"

Simwoni, nikamwambia. Naona jiwe. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nalimwagia maji safi kabla sijaanza.

Mikono yangu ilipochoka na soda ya kufulia niliacha kazi. Miaka ikapita, nikawa nyanya. Mara ya mwisho niliyokaa naye nilikuwa nimekwenda mjini kumnunulia mjukuu wangu wa kwanza blanketi. Mume, sasa mzee, alikuwa amesinzia nyuma ya kaunta. Nikachukua blanketi, nikaacha pesa mbele yake, nikapita uani moja kwa moja, hakuna wa kunizuia pale. Mama Duka alikuwa juu ya karai, nywele nyeupe kabisa, anatazama. Nikatazama naye. Kati ya tangi na paa sasa kulikuwa na ukuta wa gorofa, mawe mapya, na nguo za ndani za mtu zimeanikwa dirishani.

"Imefungwa?" nikamwuliza.

"Imefungwa miaka miwili," akasema. "Iko nguvu, Mama Wangari?"

"Iko. Shuka hapo. Vaa viatu."

"Kwenda wapi?"

"Pale juu, barabara ya hospitali. Si mbali. Mimi niko na magoti mabaya na nitafika."

Alishuka. Alivaa viatu. Alikuja nyuma yangu funguo zikilia, mpaka langoni. Mimi nikatoka. Yeye akasimama, kufuli la shaba lile lile mkononi, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Aligeuka kutazama jiwe. Sikusema neno. Nimesema mengi maishani mwangu, hilo moja nililizuia.

Akarudi ndani. Nikafikiri ndiyo basi. Lakini alikwenda mpaka jiweni, akaweka kufuli juu yake, taratibu, kama mtu anayemwekea mwingine kikombe cha maziwa. Akachomoa na ile pete ya funguo, akaiweka kando ya kufuli. Akatoka. Lango likabaki wazi nyuma yetu, mtu yeyote wa barabarani angeona karai, mfereji, na mmea wa Ba kwenye kopo lake.

Tulipanda kidogo kidogo tukipumzika. Alitembea kimya, bila zile funguo nilikuwa nageuka kila mara kuhakikisha yupo. Juu kabisa kulikuwa na jiwe kando ya njia, tukaketi. Upande wa mlima wingu lilikuwa zito, jeupe, kutoka chini mpaka juu.

"Haiko," akasema.

"Haiko," nikasema.

Akanyoosha miguu. Akaanza kuangalia chini bondeni, kitu kimoja, mpaka akakimaliza, kisha kingine. Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, "Lango?"

"Liko wazi."

Akasogea kidogo jiweni, nipate mahali pa kuweka lile blanketi.